Mhariri, faili za kwenye imeili zinatumaliza

Mhariri naomba nafasi kidogo. Juzi dada mmoja hapa ofisini kapata imeili ya "ankara yako", akabofya faili bila kuuliza mtu, mara mafaili yote hayafunguki, kwenye skrini maandishi tu wanataka hela. Kazi ya miaka mitatu! Roho inaniuma mpaka leo.

Jamani angalieni mwisho wa jina la faili. Ile ilikuwa ankara.pdf.exe, ila Windows kwa kawaida inaficha zile herufi za mwisho, kwa hiyo yeye kaona pdf akajua ni karatasi ya kawaida kumbe programu. Ujanja wa zamani huu, mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilikuja hivyohivyo, kinajifanya barua ya mapenzi ya .txt kumbe mwisho .vbs, nayo ni programu, halafu kikajituma chenyewe kwa watu wote uliohifadhi anwani zao. Ndo maana hata ikitoka kwa mtu unayemjua mpigie kwanza, muulize umenitumia kitu? Na bekapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, mkishaweka kwenye flashi ichomoeni, ya kwetu ilikuwa imechomekwa nayo ikaenda na maji.

Msomaji wenu, Morogoro