Walimu tarajali wapewe kazi za mradi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nafundisha sayansi katika chuo cha ualimu hapa Mbeya, na kwa miaka mingi niliwapa wanachuo notisi, wakakariri, wakafaulu.

Muhula uliopita niliwapa swali moja tu: kwa nini viazi mviringo vya majirani zetu vinaoza stoo? Wiki sita, makundi ya watu watano. Wengine walivihifadhi kwenye viroba, wengine kwenye kreti, wengine wakavitandaza juu ya majani makavu gizani. Kila Jumamosi walipima uzito kwa mizani ya kuazima sokoni. Vya kwenye viroba vilianza kutoa maji mapema, nikadhani kazi imekwisha.

Binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, akasimama: "Mwalimu, tutajuaje tatizo ni kiroba? Viazi hivi havikutoka shamba moja."

Nilinyamaza. Alikuwa sahihi, na tulianza upya.

Mwaka 1956 Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, na wenzake walipanga ngazi za kufikiri: waliweka kukumbuka chini kabisa, kuchambua na kutathmini huko juu. Binti yule alifika juu kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini mitihani tunayotunga vyuoni bado imejaa "taja" na "orodhesha". Wakufunzi wenzangu, tuipe kazi ya mradi alama za maana, na wakuu wa vyuo watununulie japo mizani. Hawa ndio watakaosimama mbele ya watoto wetu wa darasa la nne.

Mkufunzi wa ualimu,
Mbeya