Nesi akigomea mfumo mpya, aulizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hii tabia ya hospitali kuleta mifumo ya kompyuta halafu manesi na madaktari wakisita kidogo tu wanaitwa wakaidi, eti wamezoea makaratasi. Mimi ni nesi na hiyo kauli inaniuma, maana mara nyingi anayegoma ndo kaiona hatari ambayo huko ofisini haijaonekana.

Chukua Cedars-Sinai, hospitali kubwa ya Los Angeles. Mwishoni mwa 2002 walianzisha mfumo wa madaktari kuandika oda za dawa na vipimo kwenye kompyuta, oda iliyokuwa ya haraka kwa kalamu ikawa inakula muda mrefu, madaktari mamia wakaja juu, Januari 2003 mfumo ukazimwa. Wengi wanasimulia kwamba madaktari jeuri ndo waliuangusha. Mi naona waliona mgonjwa anacheleweshwa wakasema.

Kilichotokea Pittsburgh, hukohuko Marekani, mwaka huohuo wa 2002 kinatisha zaidi. Hospitali ya watoto iliweka mfumo wa aina hiyo ndani ya siku 6, na utafiti uliotoka 2005 ukaonyesha vifo vya watoto waliohamishiwa pale kutoka hospitali nyingine vilipanda toka asilimia 2.80 hadi 6.57. Sisemi kompyuta ndo iliua, utafiti wa namna ile hauwezi kuthibitisha hivyo, ila zamani mtoto akiwa bado njiani oda zinaandikwa na dawa zinaandaliwa, mfumo mpya ukawa haukubali mpaka afike na asajiliwe, na watu waliotakiwa kuwa kitandani wakawa wameganda kwenye kompyuta. Nesi yeyote wa chumba cha mahututi angeulizwa mapema angewaambia. Hospitali ya watoto ya Seattle walipoweka programu ya kampuni ileile waliandaa kabla oda za dharura za kubofya tu, na vifo havikupanda.

Sasa menejimenti wanasema watu wapewe mafunzo. Sawa, lakini semina ya asubuhi moja ukumbini haisaidii kitu usiku saa nane mgonjwa anabadilika na nywila imegoma. Wiki za mwanzo punguzeni wagonjwa kwa kila nesi, mwacheni nesi mwenzetu anayeujua mfumo azunguke wodini bila kupangiwa wagonjwa, na huu mtindo wa kuandika kwenye faili halafu tena kwenye kompyuta uwe na tarehe ya kuisha.

Halafu kuna woga ambao hatuusemi. Dada mwenye uzoefu mkubwa anaona aibu kuchapa kwa kidole kimoja mbele ya vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kazi, mwingine anahofia kila anachobofya kitatumika kumwandikia barua ya onyo. Hao usiwatishe, waambie wazi hizo taarifa zinatumika kwa nini. Wapo pia wasioutaka mfumo sababu dawa zitahesabiwa, tusifichane, ila ni wachache na huwezi kuwatambua kabla hujamaliza malalamiko ya kweli.

Na jambo moja naomba lisisahaulike, siku mfumo unawashwa ajulikane nani ana mamlaka ya kuuzima, jina lake na namba yake vibandikwe kila wodi, na usiku apokee simu.

Nesi wa wodini