Alhamisi saa 2 usiku: neema na sheria

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mjadala wa jana humu kundini, kama Amri Kumi bado zinamhusu Mkristo aliye chini ya neema, uliwaka moto, na wapo waliolala na uchungu. Naomba Alhamisi tuurudie kwa utulivu.

Kabla ya hapo someni Wagalatia 2:11-21. Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Paulo akampinga uso kwa uso, mbele ya wote. Lilikuwa suala la meza ya chakula tu, lakini Paulo aliona Injili yenyewe imeguswa! Kisha rukeni hadi 5:13-14, maana Paulo huyohuyo hataki uhuru uwe nafasi ya kuufuata mwili.

Mliosema Amri Kumi hazituhusu tena, hoja hiyo ni ya zamani. Huko Ujerumani, mwanatheolojia Johannes Agricola alifundisha kwamba toba huletwa na Injili, si sheria. Martin Luther, mhubiri wa neema, akampinga kwa midahalo kuanzia 1537.

Mimi naamini sheria haiokoi, ila inatuonyesha upendo una sura gani. Mwenye mawazo tofauti aje na andiko.

Tafadhali, tusimwite mtu Farisayo humu. Dada aliyejitoa jana nimempigia na kumwomba arudi.