Barua kwa mwanangu: kabla hujatia sahihi

Umoja, Nairobi
Jumatano asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Mkataba ulionitumia niliusoma jana usiku, nikausoma tena alfajiri kabla stima haijapotea. Nimefurahi sana. Kuna mtu wa kampuni huko Eldoret amemwona mhusika wako wa katuni, yule kijana muuza mayai ya kuchemsha, akampenda na kofia yake iliyopinda na ule mdomo usiotulia, na yuko tayari kukulipa Sh60,000 umchore kwenye kalenda yao. Najua pia kwamba mwenye nyumba anabisha hodi kila tarehe tano. Lakini usitie sahihi bado. Kifungu cha sita kinasema kazi yote, "pamoja na wahusika", itakuwa mali ya kampuni. Acha nikuambie maneno hayo matatu yalinifanya nini.

Bi Sufuria unamkumbuka. Nilianza kumchora ukiwa na miaka minne, mama wa githeri mwenye kibanda Gikomba, anayejua siri za kila mteja. Nilimpa shoto kwa sababu nyanya yako ana shoto. Ukimtazama nyanya akikoroga, kiwiko chake cha kushoto hutokeza nje kama mkono wa birika, na bega la kulia linashuka kidogo. Mkao huo ulinichukua wiki nzima na raba mbili. Ulipokubali, Bi Sufuria akawa hai. Sikuhitaji tena kufikiria atasema nini, nilikuwa namsikiliza tu.

Kisha shirika moja likaniomba nimchore kwenye kijitabu cha kuhimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Malipo yalikuwa Sh40,000, na wiki hiyohiyo wewe ulikuwa umerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilitia sahihi juu ya boneti ya gari lao, nimesimama, bila kufungua ukurasa wa pili. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye foleni ya zahanati nikainua macho, nikamwona ukutani. Mtu mwingine alikuwa amemchora. Leso ilikuwa ileile, kibanda kilekile, lakini mwiko ulikuwa mkono wa kulia. Nilisimama pale hadi nesi akaja kuniuliza kama nahisi kizunguzungu. Hawakuniibia, mwanangu. Sahihi ni yangu, na karatasi bado ninayo. Tangu siku hiyo sijamchora tena hadharani, maana si wangu.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakulinda mara tu unapoweka mchoro kwenye karatasi, hata kama hujausajili popote. Ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki si lazima, ila kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo fanya. Sasa sikiliza mahali penye shimo. Kazi ikiwa ya kuagizwa, sheria hiyohiyo inaichukulia kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, umempa. Ndiyo maana mkataba wa kampuni hauhitaji hata kukudanganya. Unahitaji tu wewe usiseme kitu.

Babu yako alikuwa akinunua gazeti la Taifa Leo anamtafuta Juha Kalulu, yule wa katuni, kwanza, siasa baadaye. Edward Gitau alimchora Juha kwa zaidi ya nusu karne, mkono mmoja, hadi wasomaji wakazeeka naye. Huwa nafikiria sana urefu huo wa safari. Na kwa mjomba wako ndiko nilikokuta nakala kuukuu za Joe, jarida ambalo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha mwaka 1973. Nilikuwa msichana wa shule. Sikuwa nimejua kwamba katuni zinaweza kuwa na nyumba yao wenyewe, zisiishi tu kwenye kona ya gazeti la watu wengine. Nadhani hamu yangu ya kujichapishia ilianzia sakafuni kwa mjomba.

Uliniuliza kwenye simu kama kujichapishia kunalipa. Nitakupa hesabu ya toleo la mwisho la kijitabu changu cha katuni. Nakala 300, kurasa 32, jalada la rangi: mchapishaji wangu wa River Road alinitoza Sh85 kila moja, yaani Sh25,500, na nusu alitaka kabla hajawasha mashine. Nauza Sh200. Nikiuza kwa mkono wangu nabaki na Sh115. Nikipeleka dukani, wanachukua kwa mali kauli, yaani wanalipa baada ya kuuza, na kukata asilimia 40, nabaki na Sh35, na hizo huzifuata mara tatu au nne kabla sijazipata. Hapo sijahesabu miezi mitano ya kuchora. Kwa hiyo kodi hailipwi na kijitabu peke yake. Hulipwa na kadi za harusi, mabango ya saluni, na madarasa ya Jumamosi ya watoto. Kazi hizo wape wenyewe kwa moyo mkunjufu, hakimiliki na yote. Bango la saluni si mtoto wako.

Lakini kijitabu hukuletea wasomaji wanaomjua mhusika wako kwa jina, na hao ndio waliomleta huyo mtu wa kalenda mlangoni kwako.

Kuhusu kuchapisha, nina machache tu. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa sababu kila karatasi ukiikunja inakupa kurasa nne. Rangi ya samawati inayong'aa kwenye simu itatoka imefifia kwenye karatasi, omba nakala ya majaribio na uitazame nje, juani, si chini ya taa ya duka. Na usisahau mchezo wetu wa mezani. Kijitabu cha kurasa 32, kurasa mbili zinazolala pamoja kwenye karatasi moja, ukijumlisha nambari zake upate 33: 1 na 32, 2 na 31, hadi 16 na 17. Ulikuwa darasa la pili ulipoishika karatasi moja na kuniambia, "Mama, saba na ishirini na tano ni thelathini na mbili." Nilikuwa nimeshazipanga zote, fundi ananingoja kesho yake. Uliokoa toleo zima ukiwa umevaa sare ya shule na mikono inanuka chungwa. Sijawahi kukushukuru ipasavyo. Asante, mwanangu.

Sasa kwenye kifungu cha sita futa yaliyomo na uandike hivi: "Mchoraji anaipa kampuni ruhusa ya kumtumia mhusika huyu kwenye kalenda ya mwaka mmoja tu. Mhusika anabaki mali ya mchoraji." Wapelekee kwa heshima, bila kuomba radhi. Huenda wakapunguza pesa. Hata wakifika Sh35,000 kwa masharti hayo, ningechukua. Wakisema ni yote au hakuna, nipigie kabla hujawajibu, hata kama ni usiku wa manane. Kodi ya mwezi huu tutaichanga. Nina nakala 70 za kuuza, na shangazi yako ameshasema atasaidia.

Stepla ndefu ya kubania vijitabu nimeiweka kwenye basi la leo jioni, nimeifunga kwa leso yangu ya zambarau. Pini ziko ndani, boksi mbili. Ichukue stendi kabla hawajafunga ofisi ya vifurushi.

Mama yako