Nibadilishe Noah kwa Land Rover, au nitulie?

Ndugu mshauri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Nina miaka 44, ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha, nina mke na watoto watatu. Kinachoninyima usingizi ni gari. Najua wapo wenye shida kubwa kuliko hii, lakini jambo hili limeshaingia ndani ya nyumba na sasa linamgusa hadi mama yangu mzazi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Ninayo Toyota Noah ya petroli, cc 2000, tangu 2016. Haijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Asubuhi inapeleka watoto shule, Jumamosi inabeba magunia ya mahindi au viti vya shughuli za majirani, na kila baada ya miezi miwili inapanda Rombo kumchukua mama na kumpeleka kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi. Mama ana miaka 78 na magoti yamemchoka. Mlango wa Noah unafunguka kwa kusukuma, sakafu iko chini. Anageuka, anakaa, kisha anaingiza mguu mmoja mmoja. Hahitaji kushikwa na mtu.

Sasa kuna mzee mmoja, jirani wa shule yetu, anauza Land Rover Defender 110 ya 1996, injini ya dizeli aina ya 300Tdi. Yuko tayari kuchukua Noah yangu nimwongezee milioni 14. Pesa hiyo ninayo. Niliitenga kwa ajili ya uzio wa nyumba.

Marehemu baba alikuwa dereva wa serikali. Miaka ya themanini aliendesha Land Rover 109, na shule zikifungwa alikuwa akinichukua kwenye safari fupi fupi. Nilikaa siti ya katikati, gia imesimama kati ya magoti yangu, na kila alipotaka kuingiza namba mbili alinigusa goti kwa mgongo wa kiganja ili nisogee. Hakusema neno, alinigusa tu. Harufu ile ya dizeli na turubai lililopigwa jua naijua hata nikifumba macho. Alifariki 2009. Gari halikuwa letu hata siku moja, alistaafu akakabidhi ufunguo akarudi nyumbani kwa basi.

Msafara wa Land Rover ulipopita mjini Arusha Oktoba 2024 nilisimama kando ya barabara na wanangu. Zilipita kuukuu na mpya, nyingine zikitoa moshi, watu wanapunga mikono. Nilitokwa machozi mbele ya watoto. Tangu siku ile sijatulia, na huyu mzee aliponiambia anauza yake, niliona kama nimeitwa.

Nimejitahidi kutumia akili. Watu hudhani Land Rover inakunywa mafuta kupita kiasi, lakini hii ya dizeli inakwenda kilomita 10 hivi kwa lita, na Noah yangu kwenye foleni za mjini haifiki hapo. Injini yake ya lita 2.5 haina mambo ya kompyuta. Mafundi na spea kwa Arusha hii si tatizo, maana watalii walizungushwa mbugani na gari hizi miaka mingi. Hapo sina wasiwasi.

Wasiwasi ulianza fundi wangu alipoingia chini ya gari na bisibisi. Alianzia mbele, anagonga chesisi, yaani fremu inayobeba gari, kwa mpini, anasikiliza, anasogea. Mbele mlio ulikuwa mkali. Alipofika nyuma, karibu na tangi la mafuta, mlio ukawa mzito, na alipokwangua kidogo magamba ya kutu yakamwangukia kifuani. Bodi ni aluminiamu, linang'aa vizuri sana kwa macho, lakini chesisi ni chuma, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Tena mwenye gari hakumbuki mkanda wa taiming, ule unaopanga mwendo wa ndani ya injini, ulibadilishwa lini, na fundi ameniambia ukikatika gari likiwa linatembea, injini haibaki salama.

La pili ni usalama. Gari zima halina mfuko wa hewa hata mmoja. Siti za nyuma kabisa zinatazamana na hazina mikanda. Mama akiwepo tunakuwa sita, kwa hiyo lazima mmoja wetu akae huko, na kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi za malori na mabasi yanayokimbizana.

Mke wangu hajanigombeza. Alisikiliza yote, akamaliza kukunja nguo, akaniambia: "Baba watoto, hilo gari unamnunulia baba yako." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Mzee aliniachia gari siku mbili nilijaribu. Nikapanda nalo Rombo. Kwa kweli sijawahi kufurahi hivyo nikiwa nyuma ya usukani. Kile kipande cha mwisho cha kwenda kwa mama, ambacho masika Noah hukwama na kusukumwa na vijana, nilikipita kama lami. Mama alitoka akasimama mlangoni mwa nyumba, akaliangalia gari muda mrefu. Akasema, "Linafanana na la baba yako." Nikamwambia apande tuzunguke kidogo. Alishika nguzo ya mlango, akainua mguu, haukufika. Akaushusha. Akainua tena. Kisha akaniambia taratibu, "Nisukume tu mwanangu, nitapanda." Nikambeba. Sikujua mama amekuwa mwepesi kiasi kile. Njia nzima alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili huku akitabasamu, na mimi sikujua kama anatabasamu kwa raha au kwa ajili yangu.

Sasa naomba ushauri wenu. Walio na 110 za umri huu, mmeweza kugeuza siti za nyuma zitazame mbele na kufunga mikanda inayoshika kweli? Kuna anayesafirisha mzazi mzee kwa gari hizi, na stepu aliyofunga ni ya aina gani? Kuchomelea chesisi kipande cha nyuma kunadumu, au ni kujidanganya? Shemeji yangu ananishauri nibaki na Noah, nitafute Land Rover mbovu ya bei ndogo niifufue polepole, lakini kwa mshahara wa mwalimu naogopa itaishia kuwa banda la kuku.

Wewe mshauri naomba unijibu lile la mke wangu. Mtu akinunua kitu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, wakati aliye hai ndiye atakayebebwa kila baada ya miezi miwili, je, anakosea?

Mzee amenipa hadi tarehe 30. Tarehe 27 nampeleka mama kliniki, kwa Noah.

Mwalimu, Arusha