Tunahesabuje Kukatika kwa Huduma?

"Mliahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, mbona tovuti yangu haikufunguka jioni nzima na ankara imekuja kamili?" Swali hili hutufikia mara kwa mara sisi tunaohifadhi tovuti za wateja, na mteja wa karibuni aliongeza kwamba tumemwibia.

Katika mikataba yetu, huduma huhesabiwa kuwa imekatika pale seva yetu, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inaposhindwa kujibu, ikipimwa kutoka nje ya mtandao wetu. Matengenezo yaliyotangazwa mapema hayamo. Asilimia 99.9 huruhusu takriban dakika 43 za kukatika katika mwezi wa siku 30, ilhali asilimia 99.99 huruhusu dakika 4 na ushei. Wanaodai kiwango cha pili kwa bei ya cha kwanza husahau kwamba kukifikia hudai seva ya akiba iliyo tayari wakati wote, pamoja na njia ya pili ya umeme na ya intaneti, na vyote hivyo hulipiwa hata visipotumika.

Seva ya mteja huyo ilikuwa ikijibu jioni ile yote. Kilichokwisha muda ni usajili wa kikoa chake, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, alioununua kwingine kwa bei nafuu kupitia fundi aliyejaza baruapepe yake mwenyewe. Fundi alipoacha kazi, kila ukumbusho wa malipo uliendelea kwenda kwake. Hata baada ya kulipia, baadhi ya wageni walizidi kuona ukurasa wa matangazo uliowekwa kikoa kilipokwisha muda, kwa kuwa mitandao yao ilikuwa bado imehifadhi anwani ya ukurasa huo. Hilo hatuwezi kuliharakisha, na wala si sehemu ya dakika zetu 43.

Mteja mwingine alisasisha programu-jalizi (programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti) moja kwa moja kwenye tovuti iliyo hewani, ukurasa ukabaki mweupe, kisha katika kuhangaika akafuta folda iliyokuwa na nakala rudufu yake pekee. Tulimrudishia tovuti kutoka nakala tunazohifadhi kwenye seva tofauti, kazi ileile ambayo awali aliiona ni gharama ya bure.

Kosa likiwa letu, tunapunguza ankara bila kuombwa. Kabla ya kutuandikia, tafadhali jaribu kufungua tovuti kwa simu inayotumia mtandao mwingine, angalia tarehe ya mwisho ya kikoa, kisha ututumie saa ya tukio na ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, kwani kusema "tovuti haifanyi kazi" hakutuelezi pa kuanzia.