Kufuli si ulinzi wa mtoto mwenye usonji

Ndugu Mhariri,

Mvua za Dodoma zinakaribia, na kwa familia zenye mtoto mwenye usonji (autism) huu ndio msimu wa kufuli. Ikifika Desemba, makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa maji ghafla, mashimo ya wafyatua matofali hugeuka mabwawa, na mzazi asiye na wa kumsaidia humfungia mtoto ndani. Majirani humwita katili. Wengi wa wazazi hao wanaogopa tu, na woga wao una msingi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye usonji walijaribu kutoroka nyumbani au mahali salama angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Na wengi wao huvutwa na maji.

Naomba mitaa yetu, iwe Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota au kwingineko, iichukue kazi inayofanywa sasa na kufuli. Haihitaji bajeti ya halmashauri.

Mzazi ampeleke mtoto kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa, mchana, wamwone kwa macho. Kisha wapite kwa majirani, kwa mwenye duka la karibu na kwenye kijiwe cha bodaboda. Hao wa bodaboda wana faida kuliko tunavyodhani, maana wako barabarani tangu alfajiri. Waambiwe mambo manne tu: jina lake, anachopenda, anachoogopa, na namba mbili za simu. Namba hizo ziandikwe pia ndani ya pindo la shati kwa maka peni, na zikaguliwe kila wiki kwa sababu wino hufifia kwa kufuliwa. Kadi ya kuning'iniza shingoni siishauri. Watoto wengi hawavumilii kitu kinachowagusa shingo, huivua na kuitupa, na kamba yenyewe inaweza kumkaba.

Akipotea, watu huanza kwa kuulizia kwa ndugu na shuleni. Anzeni kwenye maji: korongo, kisima, shimo la matofali, simtanki lisilo na kifuniko, lile la karibu kwanza, hata kama hajawahi kuonekana huko. Wengine ndio wagawane njia nyingine. Msikimbie kundi zima mkiliita jina lake kwa makelele. Anaweza asiitike kabisa, na kelele humfanya ajifiche au azidi kukimbia. Akionekana, mtu mmoja amwendee kwa mbele, polepole, aseme "Twende kwa mama," kisha anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Maneno humchukua muda kumwingia, na ukirudia kabla hajamaliza kuyapokea unamrudisha mwanzo. Asikamatwe ghafla kutoka nyuma, isipokuwa yuko ukingoni mwa maji au katikati ya barabara.

Mtu mzima atamuuliza, "Unaitwa nani?" naye atajibu, "Unaitwa nani?" Huo si ufedhuli. Anarudia maneno aliyosikia kwa kuwa ndiyo aliyonayo kwa wakati huo, na mara nyingi ndiyo namna yake ya kujibu. Shikamoo nayo imewaponza wengi. Mtoto akipita bila kuamkia, anazabwa kofi, au mama yake anaambiwa hajui kulea. Hebu tuitazame salamu hiyo: inamtaka mtoto amwangalie mtu usoni, atambue kwamba huyu ni mkubwa wake, na atoe neno papo hapo. Kwake kila moja ni kazi, na hapa anadaiwa zote tatu kwa mpigo. Mnyooshee kiganja. Akikigusa, amekuamkia.

Tuache pia kauli ya "mpelekeni Mirembe," yaani hospitali ya magonjwa ya akili. Usonji si wazimu wala laana, na hautokani na chanjo, ni namna ubongo wake unavyokua tangu utotoni. Mtoto wa miezi 12 asiyegeuka akiitwa, au wa mwaka na nusu ambaye bado haonyeshi vitu kwa kidole, apelekwe kliniki mapema, na masikio yake yapimwe pia.

Shuleni, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake. Mwalimu amkalishe kiti kilekile kila siku, mbali na mlango na kengele, na asubuhi amwonyeshe picha nne au tano za mambo ya siku hiyo kwa mfuatano wake. Ratiba ikibadilika, picha ibadilishwe mbele ya macho yake kabla jambo lenyewe halijafika. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha mtoto akilipuka anaitwa mtukutu.

Kwa wenyeviti wa mitaa nina ombi moja: mkutano wa mtaa uitwe kabla ya mvua ya kwanza, ukae na orodha ya visima na mashimo yaliyo wazi, useme nani anafunika lipi na lini, na uwataje watoto ambao kila mkazi anapaswa kuwajua kwa sura.

Mwalimu wa elimu maalumu,
Dodoma